Mwana Hiti Machoni pa Wenyeji na Wageni

Katika nchi iliyo baina ya mto Ruvu na mto Wami, na hata kuuvuka Wami kwenda Uzigua, nchi ambayo Miono na Mandera zimo ndani yake majirani wa siku nyingi, na Bagamoyo na Saadani zimeikalia ufukoni, kilikuwako kitu kidogo cha mti ambacho mgeni aliweza kukaa mwezi mzima kijijini, akala na wenyeji, akahudhuria ngoma zao na misiba yao, kisha akaondoka asikione abadan. Wakwere, Wadoe, Wazaramo, Wakutu, Waluguru na majirani zao wa Uzigua, watu ambao kwa asili ukoo wao hufuata upande wa mama, hukijua kwa jina la mwana hiti, ingawa kila kabila hulitamka kwa lafudhi yake. Leo kitu hicho huonwa na kila atakaye. Kimewekwa katika makabati ya vioo ya Ulaya na Marekani, kimepigwa picha katika vitabu vya gharama, kimeuzwa na kununuliwa mnadani. Na kila aliyekitazama amekipa maana kwa kadiri ya macho aliyolelewa nayo. Ndiyo maana atakaye kuandika tarikhi yake hana budi kuandika pia tarikhi ya watazamaji.

Urefu wake aghalabu ni shubiri moja au pungufu. Kiwiliwili ni kipande cha mti kilichochongwa mviringo, hakina mikono wala miguu. Matiti ni vivimbe viwili vidogo, kitovu kimetokeza, na uso una macho na kinywa vilivyodokezwa tu kwa tundu au mkato, kana kwamba fundi hakutaka kuukawilia. Pale alipokawia ni kichwani. Juu ya utosi pana kishungi kilichopasuliwa katikati, kikawa matuta mawili yanayokabiliana, nacho ni mfano wa nywele za mwali zilivyotengenezwa zamani; wengine wana kishungi kimoja tu, na wengine wamevishwa shanga shingoni. Kitu kilichotumika sana huwa na weusi wa kahawia unaong'aa, na mng'ao ule haukutoka katika kopo la rangi: ni mafuta ya nyonyo na vidole vya wasichana, kizazi baada ya kizazi.

Msichana alipovunja ungo alitiwa ndani. Zamani aliweza kukaa humo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, asitembee juani, asionwe na wanaume wa nje, akilishwa, akitunzwa, na kufundwa na kungwi yale yote ambayo mwanamke mzima apaswa kuyajua mintarafu ya mwili wake, mume wake, wakwe zake na ukoo wake. Katika kipindi hicho alipewa mwana hiti. Alimpaka mafuta, akamtengeneza nywele, akamvika, akamlaza, akamwangalia kwa uangalifu wa mzazi. Na ole wake aliyemwangusha au kumpoteza, kwa kuwa iliaminika kwamba uzazi wake mwenyewe umefungamana na salama ya mwana yule. Pasipopatikana wa mti, kibuyu kidogo kilitosha, au hata gunzi la hindi. Jambo hili la gunzi lastahili kufikiriwa kwa makini, maana mtu mzima wa Miono angeliona gunzi na mti uliochongwa na fundi hodari kuwa ni kitu kimoja kwa kazi yake, ilhali mnunuzi wa vitu vya sanaa mjini Brussels angelitupa gunzi jaani na kuufunga mti ndani ya hariri.

Siku ya kumtoa mwali ilipowadia palikuwa na ngoma, na watu wakakusanyika, na mwali akabebwa mabegani akapitishwa mbele za watu, amepakwa mafuta na kupambwa, macho yameinamishwa. Aliyetolewa ili aonwe ni yeye. Mwana hiti hakuwa na siku ya kuonyeshwa. Aliishi ndani, baina ya wanawake, baina ya kiganja na kifua, na hata tukisema kwamba alichongwa kwa ajili ya kutazamwa tutakuwa tumekwisha kusema uongo wa kwanza, uongo mdogo usio na nia mbaya, lakini ambao uongo mwingine wote umejengwa juu yake.

Haki, hata hivyo, yataka niongeze kwamba umbo lenyewe halikuwa siri. Kichwa kile chenye kishungi kilichopasuka kilichongwa pia juu ya fimbo za wakubwa, juu ya migongo ya viti vya enzi, juu ya vizibo vya tunguri za waganga, na juu ya nguzo zilizosimikwa makaburini, mahali ambapo kila mpita njia aliweza kukiona. Ukoo wa mama ulikuwa na alama yake, na alama hiyo ilisimama hadharani kwa wazee na wafu, na ilikaa faraghani kwa wasichana waliokuwa wakitarajiwa kuuendeleza ukoo huo. Mwenyeji aliyeona fimbo ya mzee barabarani alikumbuka kisichoonekana. Mgeni aliona fimbo tu.

Wageni wa kwanza kuitazama nchi hii kwa macho ya mbali walikuwa ni sisi watu wa pwani. Ni desturi ya waandishi wa siku hizi kumtupia Mzungu lawama zote za kutofahamu, na mimi nasema kwamba tumemwonea, au walau tumempa peke yake mzigo ambao nusu yake ni wetu. Mtu wa Bagamoyo, aliyevaa kanzu, akasoma Korani chuoni, akajihesabu kuwa ni wa ustaarabu, alimwita mtu wa bara mshenzi bila ya kufikiri mara mbili, na mchongo wenye sura ya binadamu ulikuwa kwake ni jambo la makuruhu, ikiwa si shirki. Sifa ya Wadoe kwamba walikula watu ilikuwa imekwisha kuenea pwani, na msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita huku mwaka 1857 akitokea Kaole kwenda kutafuta maziwa ya bara, aliiandika sifa hiyo kitabuni mwake kuwa ni habari ya nchi. Stanley naye, mwaka 1871, aliondoka Bagamoyo akapita Ukwere na msafara wa wapagazi na askari wa pwani. Wasafiri wa namna hii hawakuijua lugha ya wenyeji. Waliuliza kwa Kiswahili, wakajibiwa na watu wa pwani, wakaandika kwa Kiingereza, na walichokiona Ukwere na Udoe walikiona kwanza kwa macho ya kuazima kutoka kwetu.

Lakini pwani ilitoa pia shahidi bora kuliko hao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, aliandika habari ya safari yake ya Udoe mpaka Uzigua na mila za watu wa huko, nayo ikachapishwa na msomi wa Kijerumani Carl Velten mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Na miaka miwili baadaye, 1903, ikatoka Desturi za Wasuaheli, ambayo sehemu kubwa yake ni kazi ya kalamu ya Mtoro. Humo mna habari za jando na unyago, za kungwi na mwali, zimeelezwa kwa lugha safi na kwa utulivu wa mtu asiyestaajabia mambo ya kwao. Nimsifu bila ya kificho: hakuna mwandishi wa zama zile, mweusi au mweupe, aliyetuachia Kiswahili kizuri zaidi juu ya mambo ya pande hizi. Walakini naye alikuwa mwanamume, na Mwislamu wa mjini, na mlango wa nyumba ya mwali ulifungwa mbele yake kama ulivyofungwa mbele ya wanaume wote. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Na huko aliyezoea kutazama akawa yeye ni wa kutazamwa, wanafunzi wasimpe heshima ya mwalimu, hata akaiacha kazi ile mwaka 1905. Alioa mke wa Kijerumani, akataka kurudi naye nyumbani, serikali ikamkatalia kushuka pwani, na hatimaye akafia Berlin mwaka 1927.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao walijenga misheni Bagamoyo mwaka 1868, walifika Mandera mwaka 1881, na mmoja wao, Padri Picarda, alichapisha mwaka 1886 makala marefu kwa Kifaransa juu ya Uzigua, Ukwere na Udoe. Hawa walikaa. Walijifunza lugha, walizika na kubatiza, waliugua homa za nchi. Lakini macho ya padri yalikuwa na kazi ya kupambanua kipi kitaingia kanisani na kipi kitaachwa mlangoni, na kitu cha mti kinachopakwa mafuta na kutunzwa kama kiumbe chenye uhai, mbele ya mtu aliyesoma Agano la Kale, hakikuwa na njia nyingi za kueleweka. Kwingineko palitokea aliyejaribu kutazama kwa namna nyingine: Vincent Lucas wa misheni ya Kiingereza huko Masasi, tangu mwaka 1913, alilitia jando ndani ya dini badala ya kulipiga vita, na baadaye akawa askofu wa huko. Kusini waliweza; upande wetu wa Wami mambo yalikwenda kimya kimya, mwali akabatizwa asubuhi na kufundwa usiku.

Kisha wakaja watu wa makumbusho. Mwaka 1889, wakati ule ule kamanda wa Kijerumani Wissmann alipokuwa akipigana na Abushiri bin Salim, kiongozi wa waliowapinga Wajerumani pwani hii, serikali ya Ujerumani ilikata shauri kwamba vitu vyote vitakavyokusanywa na misafara inayolipiwa na dola katika makoloni vipelekwe kwanza Berlin, katika nyumba ya makumbusho ya mataifa iliyofunguliwa mwaka 1886. Humo vitu viliandikwa nambari, vikapimwa urefu, vikapewa jina la kabila na jina la aliyeleta. Jina la aliyechonga halikuulizwa, na jina la aliyekibeba kifuani mwake halikumjia mtu akilini. Katika madaftari ya namna hiyo mwana hiti aliandikwa kuwa ni mwanasesere. Neno hilo halina tusi, na kwa mtu aliyekua Ulaya lilikuwa ndilo la kwanza kuja ulimini: kitu kidogo, cha sura ya mtu, kinachopewa msichana. Lakini mtoto wa Kizungu akimvunja mwanasesere wake hununuliwa mwingine, na hakuna ukoo unaotetemeka.

Mkubwa wa idara ya Afrika katika makumbusho yale, tangu mwaka 1904, alikuwa Felix von Luschan, na idara hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa idara ya visiwa vya Bahari ya Kusini. Wajerumani walitwaa pembe ya kaskazini mashariki ya New Guinea mwaka 1884, na hati ya Kaisari juu ya nchi zetu ikatoka Februari 1885, hivyo watu wasiojuana hata kwa jina, waliotengwa na maelfu ya maili za bahari, walijikuta vitu vyao vimelala chini ya dari moja, vikitazamwa na macho yale yale. Miongoni mwa watu wa New Guinea waliokaa nyuma ya mto Sepik, karibu na mahali paitwapo Maprik, ni Waabelam, na habari yao nataka kuieleza kwa urefu kidogo, maana yaangaza habari yetu vizuri kuliko mifano mingi ya karibu.

Waabelam ni wakulima wa viazi vikuu. Mwanamume mwenye fahari hulima aina ya kiazi kirefu ambacho huweza kupita urefu wa mtu, na katika miezi yote ya kukilima hujitenga na mwanamke, kwa kuwa kiazi hakipendi. Kikisha kuchimbwa hufungwa mtini, hupambwa kwa maua, manyoya na kombe, na mwisho wake huvikwa kinyago kilichosukwa kwa nyuzi za mmea au kuchongwa kwa mti mwepesi, kikapakwa rangi nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi. Kisha huonyeshwa uwanjani, husifiwa, hupimwa, na hupewa mshindani, ambaye ni lazima mwaka mwingine alipe kwa kiazi kilicho sawa au kirefu zaidi. Mtazamaji wa Ulaya akikiona kinyago hiki peke yake ukutani humtafuta mtu aliyekivaa, na hakuna mtu aliyekivaa: uso ule ni wa kiazi, na kiazi kimekwisha kuliwa au kupandwa tena.

Mwanachuoni Mwingereza Anthony Forge aliyekaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwauliza maana ya michoro yao, na jibu alilolipata ni kwamba hawakuwa na mazungumzo ya namna hiyo. Waliujua mchoro ulio sawa na usio sawa, na nguvu ilikuwa ndani ya rangi yenyewe, wala si katika hadithi inayoweza kusimuliwa. Forge aligundua tena kwamba watu wazima walishindwa kumtambua ndugu yao katika picha ya kamera ikiwa hakusimama wima na kukabili mbele, maana macho yao hayakuwa yamefundishwa kusoma kivuli na umbali katika karatasi bapa. Wale wale ambao Mzungu hakuweza kuisoma sanaa yao, wao nao hawakuweza kuisoma picha yake. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba kuona ni elimu, hufundwa mtu tangu utotoni, kwa hiyo hapana jicho lililo tupu.

Ulaya ilijifunza kuona upya, lakini kwa faida yake. Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro mjini Paris mwaka 1907, na tangu hapo vinyago vya Afrika vilianza kutoka katika makabati ya mataifa na kuingia katika nyumba za sanaa, vikisifiwa kwa umbo, kwa mkato, kwa uwiano. Wengi huyahesabu mageuzi haya kuwa ni heshima, na kwa sehemu ni heshima kweli. Mtu aliyeitwa fundi wa kishenzi ni afadhali aitwe bingwa. Lakini heshima hiyo ilikuwa na masharti. Kitu kilipaswa kunyamaza. Nguo zake, kamba zake, manyoya yake, dawa zilizopakwa juu yake, vyote viliondolewa mara nyingi ili mti uonekane safi, na taa ikawekwa juu yake. Mwaka 1988, katika maonyesho ya New York, palilazwa wavu wa kuwindia wa Wazande wa Kongo, umekunjwa na kufungwa kama ulivyobebwa kutoka kwao, juu ya jukwaa jeupe chini ya mwanga. Na wafanyabiashara wa sanaa wakaja kuulizia bei, wakidhani wameona kazi ya bingwa. Aliyepanga maonyesho yale, Susan Vogel, alikusudia kuwapima watu kwa mtego huo, nao wakaingia.

Ladha ikishakuwa na bei, wizi haukawii. Mwaka 1984, mwaka ambao makumbusho makubwa ya sanaa ya kisasa New York yalifanya maonyesho mashuhuri yakiweka vinyago vya Afrika na vya Bahari ya Kusini kando ya kazi za Picasso na wenzake, Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yalivunjwa na kuibiwa vitu kadhaa, kimojawapo kikiwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris na kuingia katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na hakikurejea mikononi mwa Tanzania ila mwaka 2010, baada ya majadiliano ya miaka mingi. Kinyago cha Kimakonde cha namna ya kofia, chenye nywele za mtu halisi zilizobandikwa, huvaliwa kichwani kwa kuinamishwa nyuma, na mchezaji huona njia kupitia kinywa cha kinyago. Ukikisimamisha wima juu ya kigingi, kama yafanyavyo makumbusho yote ya dunia, ya kwetu nayo yakiwamo, umekwisha kukitazamisha kusiko. Karl Weule wa Leipzig, aliyekwenda kusini mwaka 1906 kukusanya vitu hivyo, alichukua pamoja naye mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema. Yaonyesha alijua, walau kwa nusu, kwamba mti peke yake hautasema.

Naam, wimbo. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alikusanya sanamu za udongo za unyagoni kutoka Usambaa, Uzigua na pande nyinginezo, na mwaka 1956 akachapisha kitabu juu yake. Sanamu hizo ni za kawaida kupita kiasi: mtu, mnyama, chungu, nyumba, kitu kisichofahamika. Fundi wa unyago huishika sanamu mbele ya mwali, huimba wimbo wake, na katika wimbo ndimo ilimo maana, nayo mara nyingi ni ya mbali mno na umbo, hata kwamba mtu mwenye akili zake timamu angeitazama sanamu ile mpaka usiku asiipate. Wimbo ukipotea, udongo umerudi kuwa udongo. Cory alifanya jambo jema kuandika nyimbo pamoja na sanamu, na wakusanyaji wangapi waliomtangulia hawakulifanya!

Mtazamaji wa mwisho nitakayemtaja kwa jina ni mwanamke, na si kwa bahati. Marja-Liisa Swantz, msomi wa Kifini, alifanya utafiti wake kati ya mwaka 1965 na 1970 katika kijiji cha Bunju, kilicho njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, na kitabu chake juu ya ibada na ishara za Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Kwa kuwa ni mwanamke aliingia ndani. Alimwona mwali mahali pake, akaelezwa habari ya mkole, mti wa ibada ya mwali, na ya mwana hiti, na wenyewe wanaovitumia, na aliyoyaandika yanadhihirisha jambo ambalo wageni wa kabla yake hawakulitia maanani: kwamba watu wa kijiji kile walikuwa Waislamu, wakisali na kufunga Ramadhani, na bado mwali alitiwa ndani na kufundwa kama bibi yake alivyofundwa. Jicho la pwani, lile lililoona ushenzi Ukwere na Uzaramo, halikuyajua mambo ya wanawake wa pwani wenyewe. Mtoro aliandika mengi kwa ukweli, lakini mlango ulifungwa mbele yake; unyago wa Bagamoyo na mwana hiti wa bara vilikuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Siku hizi mwali hakai ndani mwaka. Shule ina kalenda yake, na msichana wa kidato cha kwanza hawezi kukosa masomo kwa sababu ya mila, wala haifai akose. Ndani imekuwa ya likizo, ya wiki chache, mahali pengine ya siku chache, na mahali pengine haipo. Wachongaji wa Uzaramo waliokuwa wakichonga nguzo za makaburi walianza kuchongea watalii, na kwa kuwa watalii walitaka mtindo wa Kimakonde, wakachonga mtindo wa Kimakonde. Mwana hiti wanaouzwa leo katika maduka ya vinyago ni wapya, wamepakwa kiwi cha viatu ili waonekane wa kale, na mnunuzi huupapasa mng'ao ule kwa furaha. Simlaumu mchongaji, ana watoto wa kulisha.

Lakini yapo maonyesho yaliyojaribu kusema nasi. Mwaka 1994 palifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya kuchonga ya Tanzania mjini Berlin na Munich, na kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani na Kiswahili, kikaitwa kwa lugha yetu Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Na mwaka 2013 New York yakafanyika mengine yaliyopewa jina la Kiswahili, Shangaa. Majina haya mawili, mabingwa na kushangaa, ni mazuri, na yote mawili ni ya mtu aliyesimama mbele ya kabati la kioo. Kungwi wa Mandera asingechagua lolote kati yake. Yeye angeuliza kwanza nani amekiruhusu kitu hiki kitoke nje, na mwali wake yuko wapi, na je, alizaa?

Maswali hayo matatu ndiyo ningependa yaandikwe mwanzo wa kila daftari la makumbusho. Wenye dhamana ya Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na ya makumbusho ya misheni pale Bagamoyo, na wale wa Berlin ambao sasa wameanza kuzungumza na wenzao wa Tanzania juu ya vitu vilivyochukuliwa, wasiishie kwa maprofesa na mabalozi. Barabara ya kutoka Msata kwenda Mandera ni ya lami, na kutoka hapo Miono si mbali. Huko wangaliko bibi waliotiwa ndani kabla ya Uhuru, na baada ya miaka michache hawatakuwapo. Wanawake watafiti wawaendee, kwa adabu na kwa hidaya, wakae nao kitako, wawaulize kipi katika mambo haya kinafaa kuonwa na watu wote, kipi kionwe na wanawake peke yao, na kipi kirudishwe ndani kisionwe tena na mtu. Kisha ndipo kibao cha maelezo kiandikwe, na pale watakapoambiwa wanyamaze, kibao kiachwe kitupu.